Nani anamlisha mbeba maboksi? Hoja ya Bernie Sanders kuhusu mishahara midogo na misaada ya serikali

Watu wetu walioko Marekani wana jina lao kwa kazi za kipato cha chini: kubeba maboksi. Anayewabadilisha wazee mashuka kwenye nyumba za kulelea, anayekaanga viazi usiku kucha, anayefagia uwanja wa ndege, wote wakipiga simu nyumbani watakuambia, "Nipo tu, nabeba maboksi." Kwa wanaofanya kazi kwenye maghala ya Amazon neno hilo si utani hata kidogo, maana boksi ni boksi kweli na linapimwa kwa sekunde.

Sasa fikiria mbeba maboksi huyo amemaliza zamu yake, amepita dukani kununua unga, maziwa na kuku, na kwenye kaunta anatoa kadi ya chakula ya serikali badala ya pesa zake. Ile kadi imemsaidia nani? Wengi tutajibu haraka kwamba imemsaidia yeye. Bernie Sanders, seneta wa Vermont, kwa miaka mingi ametoa jibu jingine: imemsaidia mwajiri wake. Kwa maelezo yake, tajiri anamlipa mtu mshahara usiotosha kula, kisha walipa kodi wanaitwa wajazie pengo. Kwa hiyo pesa inayoitwa msaada kwa maskini ni ruzuku kwa bilionea.

Hoja hiyo ina mvuto, na ndani yake mna ukweli mwingi. Mna pia fundo moja ambalo wanaoishangilia na wanaoibeza huwa wanaliruka. Nitajaribu kulifungua.

Tuanze na mtu mwenyewe, kwa kifupi. Sanders alizaliwa Brooklyn mwaka 1941, mtoto wa mhamiaji kutoka Poland aliyeuza rangi za nyumba. Mwaka 1981 alishinda umeya wa mji wa Burlington kwa tofauti ya kura 10. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1991 na Seneti mwaka 2007. Si mwanachama wa chama cha Democratic, ila hukaa upande wao, na mara mbili aliomba tiketi yao ya urais akaikosa. Hujiita msoshalisti wa kidemokrasia. Ukimsikiliza hotuba ya miaka thelathini iliyopita na ya juzi, utadhani ni moja, na hilo wafuasi wake huliona sifa na wapinzani wake huliona ukaidi.

Tuchukue mama mmoja wa kufikirika, ana watoto wawili, anaishi Georgia au Texas, ambako kima cha chini kinachotumika ni kile cha serikali kuu: dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho hakijaguswa tangu Julai 2009. Akifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52 bila kuugua wala kuuguza, anapata dola 15,080 kwa mwaka. Mstari wa umaskini uliowekwa na serikali hiyo hiyo kwa familia ya watu watatu ulikuwa dola 26,650 mwaka 2025. Yaani anafanya kazi muda wote na bado amepungukiwa dola 11,570 kufikia mstari ambao hata ukiufikia hujawa tajiri.

Pengo hilo linazibwa na viraka kadhaa. Kuna kadi ya chakula, mpango uitwao SNAP. Kuna Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Watoto wanakula bure shuleni. Kisha msimu wa kodi ukifika, kuna kitu kinaitwa EITC: serikali inamrudishia mfanyakazi wa kipato kidogo pesa kwa kadiri alivyofanya kazi, hata kama kodi aliyolipa ni ndogo kuliko pesa anayorudishiwa. Mwenye watoto wawili, katika ngazi za chini za kipato, hupewa senti 40 kwa kila dola aliyoichuma. Mama yetu hapo anapata dola 6,032 kwa mkupuo. Ndiyo maana kwenye familia nyingi za wabeba maboksi, kulipa deni la gari na kununua magodoro hungoja msimu huo.

Je, watu wa aina hii ni wachache? Sanders mwenyewe aliiomba ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilichunguze jambo hilo. Ripoti ilitoka Novemba 2020. Ilionyesha kwamba kati ya watu wazima wenye ajira waliokuwa kwenye Medicaid au kwenye kadi ya chakula, takriban asilimia 70 walikuwa wakifanya kazi saa 35 au zaidi kwa wiki. Na katika takwimu za majimbo yaliyochunguzwa, maduka ya Walmart na migahawa ya McDonald's yalikuwa miongoni mwa majina yaliyojitokeza zaidi kwenye orodha za waajiri wao. Ile picha ya mpokea msaada aliyelala kwenye kochi akiangalia runinga ilipata kibao kizito siku hiyo. Hapa Sanders yuko kwenye ardhi imara, na sioni namna ya kumng'oa.

Mgogoro unaanza anapopendekeza dawa.

Septemba 2018, yeye na mbunge Ro Khanna wa California walipeleka mswada uliopewa jina la Stop BEZOS. Herufi zilipangwa makusudi ziunde jina la Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon. Wanasiasa wa Marekani wana kipaji cha ajabu cha kutafuta jina kwanza na maneno baadaye. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleweka: kampuni yenye wafanyakazi 500 au zaidi itozwe kodi sawa na misaada ya chakula, afya, nyumba na mlo wa shule ambayo wafanyakazi wake wanapokea kutoka serikali kuu. Mfanyakazi wako akila dola 2,000 za kadi ya chakula, wewe unalipa dola 2,000. Ukitaka kukwepa kodi, mpandishie mshahara asihitaji kadi.

Kwenye jukwaa hoja hiyo inapigiwa makofi. Ofisini kwa meneja wa ajira inageuka kitu kingine. Mbele yake wamekaa waombaji wawili wa kazi moja: kijana anayeishi kwa wazazi wake, na yule mama yetu mwenye watoto wawili. Mshahara wao ni uleule. Kijana hatapokea msaada wowote. Mama atapokea, kwa sababu misaada hiyo inaangalia kipato pamoja na idadi ya midomo nyumbani. Chini ya mswada ule, mama amekuwa mfanyakazi ghali. Mwenye mtoto mlemavu ni ghali zaidi. Mswada ulikataza kumuuliza mwombaji kama anapokea msaada, lakini meneja hahitaji kuuliza. Pete haipo, picha za watoto zipo kwenye simu, inatosha. Kamba hukatikia pembamba.

La kusisimua ni kwamba waliopiga kelele juu ya hili hawakuwa watetezi wa matajiri peke yao. Center on Budget and Policy Priorities, taasisi ya Washington ambayo kazi yake ya miaka yote ni kuitetea misaada ya maskini isikatwe, iliupinga mswada huo kwa sababu hizohizo. Marafiki wa maskini walimwambia rafiki wa maskini kwamba fimbo aliyoishika itamwangukia maskini.

Hapa ndipo lilipo fundo lenyewe, na limo kwenye neno ruzuku.

Ruzuku kwa mwajiri ni kitu kinachomwezesha kupata wafanyakazi kwa bei ya chini kuliko ambayo angelipa bila kitu hicho. Basi jiulize: je, kadi ya chakula inamfanya mtu akubali mshahara mdogo zaidi? Mtu mwenye njaa na watoto wanaolia hukubali chochote. Mtu mwenye uhakika wa unga wa wiki mbili anaweza kusema, "Kazi hii siitaki, nitangoja nyingine." Msaada unaomfikia mtu awe na kazi au asiwe nayo humwongezea ubavu mbele ya mwajiri, ukisukuma mshahara popote, unausukuma juu kidogo. Kuuita ruzuku ya tajiri ni kuusoma kinyume.

EITC ni mnyama mwingine. Yenyewe haitoki mpaka ufanye kazi. Inawavuta watu wengi zaidi kwenye soko la ajira, na wakiwa wengi wakigombea kazi zilezile, mwajiri hana haraka ya kupandisha bei. Jesse Rothstein, mchumi wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, aliandika mwaka 2010 kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo huishia mikononi mwa waajiri kwa njia ya mishahara iliyoshuka. Ukitaka kuona walipa kodi wakimbeba mwajiri mgongoni, tazama hapo.

Na nani alileta EITC? Seneta mwingine, Russell Long wa Louisiana, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti. Long hakupenda mpango wa Rais Nixon wa kuzihakikishia familia maskini kipato cha chini, hata zisizo na mtu mwenye kazi. Alitaka bonasi kwa wanaofanya kazi tu. Mwaka 1975 akaipata, Rais Ford akatia saini. Tangu hapo vyama vyote viwili vimeipanua, Reagan mwaka 1986 na Clinton mwaka 1993, kila upande ukiamini ni mtoto wake. Kwa hiyo mpango unaofanana zaidi na ruzuku anayoilalamikia Sanders haukubuniwa na wanaoitwa wapenda misaada. Umebuniwa na waliotaka msaada uwe na jasho. Kwenye ule mswada wa 2018, Sanders alilenga chakula, afya, nyumba na mlo wa shule, vitu ambavyo haviwafai sana waajiri. Alipiga mlango wa jirani.

Mjadala huu si wa jana, kwa njia. Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, Uingereza, walikutana kwenye nyumba ya wageni pale Speenhamland wakaamua kumwongezea kibarua wa shamba pesa za parokia kulingana na bei ya mkate na idadi ya watoto. Miaka michache baadaye wakosoaji wakaanza kusema wenye mashamba wanalipa kidogo kwa kuwa wanajua parokia itamalizia. Hoja hiyo ikatumika mwaka 1834 kuua msaada wa namna hiyo na kuwasukumia maskini kwenye nyumba za kazi, ambako maisha yalifanywa machungu kwa makusudi. Wanahistoria wa baadaye wameipekua ripoti ya tume iliyotangulia sheria hiyo na kuikuta ina mapengo makubwa. Nalitaja kwa sababu moja: kauli kwamba msaada unashusha mishahara imewahi kutumiwa zaidi na wanaotaka kukata msaada kuliko na wanaotaka kuongeza mshahara. Sanders anaazima panga ambalo mpini wake uko mkononi mwa watu wengine.

Sasa mbona mswada wa Stop BEZOS haukufika popote, lakini hakuna anayeweza kusema ulishindwa? Tarehe 2 Oktoba 2018, mwezi haujaisha tangu upelekwe, Amazon ilitangaza kwamba kuanzia Novemba 1 hakuna mfanyakazi wake Marekani atakayelipwa chini ya dola 15 kwa saa. Watu zaidi ya 250,000 waliguswa, pamoja na vibarua wa msimu 100,000. Sanders akampongeza Bezos hadharani. Kisha wafanyakazi wakasoma maandishi madogo: bonasi za kila mwezi na zawadi za hisa kwa wanaolipwa kwa saa zimefutwa. Waliokaa muda mrefu walipiga hesabu na kulalamika kwamba wamepewa kwa mkono huu na kunyang'anywa kwa mkono ule, na kampuni ikalazimika kuwarekebishia baadhi yao.

Naamini Sanders alijua kwamba mswada ule hautapita katika Bunge lililoongozwa na Republican. Ulikuwa ngoma, si sheria. Ulipigwa ili mtu fulani atoke nje aone aibu. Juni mwaka uliofuata alifanya hivyohivyo kwa Walmart: alikwenda Arkansas kwenye mkutano wa wenye hisa, akapewa dakika tatu, akapendekeza wafanyakazi wa saa wawe na kiti kwenye bodi. Pendekezo likaanguka, kama kila mtu alivyotarajia, kwa kuwa familia ya Walton ndiyo yenye hisa nyingi. Lakini katika mkutano huohuo mkuu wa kampuni, Doug McMillon, alisema kima cha chini cha dola 7.25 ni kidogo mno na Bunge likipandishe. Mfanyabiashara mkubwa anayelipa dola 11, kama Walmart wakati huo, haumizwi na sheria itakayomlazimisha mpinzani wake mdogo kupanda pia. Hilo nalo tulione.

Na hapo ndipo dawa yake ya kweli ilipo: kima cha chini. Ni dawa isiyouliza una watoto wangapi, kwa hiyo haimfanyi mama awe ghali kuliko kijana. Alianza na dola 15, akifuata wafanyakazi wa migahawa ya chakula cha haraka waliogoma New York Novemba 2012, na siku hizi anataka 17. Turudi kwa mama yetu wa Georgia. Kwa dola 17 angechuma 35,360 kwa mwaka na kuvuka ukomo wa kawaida wa kadi ya chakula kwa dola mia saba hivi, ingawa majimbo mengi yana ukomo wa juu zaidi. Serikali ingepumua. Yeye angepumua nusu: katika kadi ya chakula, kila dola ya mshahara inayoongezeka hupunguza msaada kwa senti 24 hivi, wakati mwingine zaidi, na EITC nayo, kipato kikifika mahali fulani, huanza kuporomoka. Nyongeza ya mshahara kwa maskini wa Marekani haifiki mfukoni ikiwa nzima, na wenye kuitetea wangefanya vyema kulisema hilo kabla mama huyo hajaligundua mwenyewe.

Swali la zamani ni kama kupandisha kima kunaua ajira. Vitabu vya uchumi vya mwaka wa kwanza vinasema ndiyo: bei ikipanda, mnunuzi hupunguza. Mwaka 1992 New Jersey ilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 huku jirani yake Pennsylvania ikibaki palepale. Wachumi David Card na Alan Krueger wakahesabu ajira kwenye migahawa ya pande zote mbili za mpaka na hawakuona New Jersey ikipoteza. Walibishiwa vikali, lakini Card alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi ya aina hiyo; Krueger alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Maelezo yanayokubalika sasa na wengi ni kwamba mwajiri wa mishahara midogo mara nyingi si mnunuzi mmoja kati ya elfu sokoni. Katika mji mdogo wenye ghala moja na duka moja kubwa, yeye ndiye anayepanga bei, na hulipa chini ya thamani ya kazi. Ukimlazimisha apande kiasi, hana sababu ya kufukuza.

Lakini kiasi. Kutoka 7.25 hadi 15 ni zaidi ya mara mbili, na jimbo maskini la Mississippi si mji ghali wa Seattle. Februari 2021 ofisi ya bajeti ya Bunge, CBO, ilikadiria kwamba dola 15 zingewaongezea mshahara watu milioni 17, zingewatoa watu 900,000 kwenye umaskini, na zingefuta ajira milioni 1.4. Kila upande ulichukua namba inayoupendeza ukaondoka nayo. Mimi naona namba zote tatu zinaweza kuwa kweli kwa pamoja, na mwanasiasa anapaswa kusema kwa sauti nani atakuwa ndani ya ile 1.4.

Sanders alijaribu kukipitisha kima hicho cha dola 15 mwaka huohuo ndani ya mswada wa nafuu ya korona, kwa njia ya bajeti isiyohitaji zile kura 60 ambazo miswada mingi huhitaji kwenye Seneti. Mshauri wa kanuni za Seneti akasema haiwezekani kikanuni. Machi 5 akalazimisha kura hata hivyo: 58 walikataa, 42 walikubali. Wanane wa upande wake mwenyewe walikuwa kwenye wale 58, akiwemo Kyrsten Sinema wa Arizona aliyeonyesha dole gumba chini mbele ya kamera. Kura ile iliachwa wazi kwa muda wa karibu saa 12, ndefu kuliko zote za zama hizi, wala si kwa ajili ya kima cha chini, ambacho kilikwisha kufa asubuhi. Viongozi walikuwa vyumba vya pembeni wakimbembeleza Joe Manchin, seneta wa Democratic kutoka West Virginia, juu ya posho ya wasio na kazi.

Msomaji wetu mwenye ndoto ya kwenda kubeba maboksi ajue pia kwamba huruma ya Sanders ina mpaka. Mwaka 2007 aliupinga mswada mkubwa wa uhamiaji, akisema mipango ya kuleta wafanyakazi wa muda inawapa makampuni watu wa bei rahisi wa kuwashindanisha na wenyeji. Mtazamo huo hajauacha kabisa. Ni mantiki ileile: mwajiri akipewa njia ya kulipa kidogo, ataipita.

Kuna mahali pengine anajipinga. Anataka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu. Kama Medicaid ya mfanyakazi wa Walmart ni ruzuku kwa Walmart, bima ya wote ingekuwa ruzuku kwa kila mwajiri nchini. Bila shaka haoni hivyo, na yuko sahihi kutoona hivyo. Denmark, nchi anayoitolea mfano kila mara, inampa kila mtu matibabu, haina sheria ya kima cha chini, na mishahara hupangwa mezani kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Huko mtu akitibiwa bure hakuna anayeuliza anamsaidia tajiri gani.

Kama mtu angetaka kuipima nadharia ya ruzuku, Marekani imeanza kuipima. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, ambayo Sanders aliipigia kura ya hapana, ilibana kadi ya chakula kwa namna nyingi, na mojawapo ni kuwaondoa wakimbizi mpaka wapate ukaazi wa kudumu, maombi ambayo mkimbizi hawezi kuyapeleka kabla hajatimiza mwaka nchini. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Kongo (DRC) ilikuwa ikiongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili hiki ninachoandika. Kama kadi ile ilikuwa inamlipa mwajiri, basi ikiondolewa mwajiri angelazimika kupandisha mshahara ili mtu wake ashibe na arudi kazini kesho. Mama kutoka Bukavu anayepanga vifurushi usiku, akipata barua ya kukatiwa, hatakwenda kwa msimamizi kudai dola mbili zaidi kwa saa. Atakwenda kuomba zamu ya Jumapili, kwa bei ileile.